Maziwa ya boksi: kwa nini hayagandi, na hiyo "dawa" iko wapi hasa

Kila baada ya miezi michache video ileile hurudi kwenye simu za watu. Mtu kafungua maziwa ya boksi, kayamimina kwenye bakuli, kayaacha mezani siku mbili, kisha anayatikisa mbele ya kamera. Hayajaganda. Pembeni yake kuna bakuli la maziwa ya ng'ombe wa jirani, yameganda tangu jana na maji yake yamejitenga. Halafu inafuata sauti ya ushindi: "Oneni wenyewe dawa wanazotulisha!"

Alichokionyesha mtu huyo ni kweli kabisa, na yeyote anaweza kukirudia jikoni kwake. Tafsiri yake ndiyo imekwenda upogo. Ili kuinyoosha, inabidi boksi tuliweke kando kwanza tuulize swali ambalo watu wachache hujiuliza: maziwa yanagandaje?

Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ni maji kwa karibu asilimia 87. Kilichobaki ni mafuta, asilimia 3.5 hadi 4 kulingana na ng'ombe na malisho yake, protini kama asilimia 3.3, sukari ya maziwa iitwayo laktosi kama asilimia 4.7, na madini kidogo. Ni mlo kamili, na bakteria nao wanalijua hilo. Maziwa yanapotoka kwenye kiwele yana joto la nyuzi 38 hivi za Selsiasi, joto ambalo bakteria wengi huweza kujigawa kila nusu saa au haraka zaidi. Piga hesabu: mmoja anayejigawa kila dakika 30 anakuwa zaidi ya elfu nne baada ya saa sita, na zaidi ya milioni moja baada ya saa kumi. Ndiyo maana mfugaji aliyekamua saa kumi na moja alfajiri akafika sokoni saa sita mchana bila kupoza huwa anauza kitu tofauti na alichokamua.

Miongoni mwa bakteria hao wamo wanaokula laktosi na kutoa asidi ya laktiki. Maziwa mazima yana pH ya karibu 6.7. Asidi ikizidi na pH ikashuka hadi karibu 4.6, protini kuu ya maziwa, kasini, hushindwa kuelea. Chembe zake hushikana na kufanya ule mgando mzito. Kwa hiyo mgando ni kazi ya viumbe hai. Wasipokuwapo, maziwa yanaweza kukaa yakaharibika kwa njia nyingine, lakini hayatageuka mtindi. Kila aliyewahi kusahau sufuria ya maziwa yaliyochemshwa usiku kucha analijua hili hata kama hakupewa maelezo: maziwa yale hayapati ule uchachu mtamu wa maziwa ya kibuyu, huwa machungu na yanatoa harufu. Wenye kugandisha vizuri wamekufa kwa moto, na waliobaki au walioingia baadaye ni wa aina nyingine.

Sasa majina, kwa sababu nusu ya ubishi wote unatokana na majina.

Ukiagiza "maziwa freshi" kwenye mgahawa wa Dar es Salaam, unachotofautisha ni maziwa ya moto na mtindi. Dukani Nairobi, "freshi" ni maziwa ya pakiti yanayokaa kwenye friji, tofauti na yale ya kukaa rafuni. Kwa mama anayenunua kwa mfugaji, freshi ni maziwa mabichi yaliyokamuliwa asubuhi. Vitu vitatu, jina moja. Tuviite hivi:

Maziwa mabichi ni yale ambayo hayajapata moto wowote tangu kukamuliwa.

Maziwa yaliyopasteurishwa yamepashwa hadi nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha yakapozwa haraka hadi nyuzi 4. Jina linatokana na Mfaransa Louis Pasteur, ambaye katika miaka ya 1860 alikuwa akishughulikia divai zilizoharibika, si maziwa. Joto hili limepimwa ili liue vimelea vya magonjwa: kifua kikuu cha ng'ombe, bruselosi (ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba, ambao kwa binadamu huleta homa isiyoisha na maumivu ya viungo), na homa ya Q, ambayo kimelea chake ni mbishi kwa moto kuliko hao wengine. Halikupimwa ili liue kila kitu. Bakteria wachache wanaostahimili joto hubaki, na ndiyo maana maziwa haya lazima yakae kwenye friji na hata humo yanadumu siku chache tu.

Maziwa ya UHT (kifupi cha Kiingereza chenye maana ya joto la juu mno), yanayoandikwa "ya muda mrefu" au "long life", yamepandishwa hadi kati ya nyuzi 135 na 150 kwa sekunde mbili hadi tano, kisha yakafungwa kwenye pakiti isiyo na kijidudu. Haya ndiyo ya kwenye ile video.

Usidanganywe na umbo. Kuna maziwa ya boksi yaliyopasteurishwa tu, yanayotaka friji tangu siku ya kwanza, na kuna UHT inayouzwa kwenye pakiti laini kama mto mdogo. Soma maandishi.

Presha kuka iliyonyooshwa ikawa bomba

Kwa nini kuchemsha nyumbani hakutoshi kuyafanya maziwa yakae miezi sita? Kwa sababu ya spora. Baadhi ya bakteria, hasa jamii za Bacillus na Clostridium, wakiona hali ngumu hujifunga ndani ya ganda gumu na kulala, kama mbegu inayongoja mvua. Ukichemsha, bakteria waliokuwa macho wanakufa, spora zinabaki. Maziwa yakipoa mezani, zinaota. Hapo ndipo inapotoka ile harufu ya asubuhi.

Spora haziuawi na nyuzi 100, na huku nyanda za juu hata hizo 100 hatuzifikii: Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. (Hiyo inatosha kabisa kuua bruselosi na kifua kikuu, msiache kuchemsha.) Kupita hapo lazima ubane mvuke. Presha kuka ya maharage hufanya hivyohivyo: mkandamizo ukipanda, maji hugoma kuchemka hadi karibu nyuzi 121. Kwa joto hilo, dakika tatu zinatosha kuangamiza spora za Clostridium botulinum, mojawapo ya zile zinazoogopwa zaidi kwenye vyakula vya kufungwa.

Basi mtu atauliza, kwa nini wasitie tu maziwa kwenye presha kuka kubwa? Walifanya, na bado wapo wanaofanya. Maziwa yanayofungwa kwanza kwenye chupa au kopo, kisha yakapikwa nyuzi 110 hadi 120 kwa dakika 10 hadi 20, hudumu vizuri sana. Ila hutoka na rangi ya kahawia na ladha ya maziwa yaliyoungua, kwa sababu laktosi na protini zimepikana. Hapa ndipo penye ujanja wote wa UHT, na unastahili kuelezwa taratibu.

Joto linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linaua spora, na linabadilisha ladha, rangi na vitamini. Kazi hizi mbili haziongezeki kwa mwendo mmoja. Ukipandisha joto kwa nyuzi 10, spora hufa haraka takribani mara kumi zaidi. Mabadiliko ya ladha na vitamini huongezeka kama mara mbili na nusu tu. Pandisha kwa nyuzi 20: spora wanakufa mara mia haraka zaidi, na uharibifu wa ladha umeongezeka mara sita hivi. Maana yake unaweza kukata muda mara mia na bado ukaua kiasi kilekile, huku maziwa yakidhurika kidogo kuliko kama ungeyapika polepole. Nyuzi 140 kwa sekunde nne zinasikika kama ukatili, na bado maziwa yanatoka na afadhali kuliko yale ya dakika kumi na tano.

Sekunde nne huwezi kuzipata kwenye sufuria, ndiyo maana mtambo ni mabomba. Maziwa husukumwa kwenye bomba jembamba lililozungukwa na maji ya moto sana au mvuke, chini ya mkandamizo wa bar nne hivi au zaidi ili yasichemke ndani. Yakifika joto linalotakiwa hupita kwenye kipande cha bomba ambacho urefu wake ndio saa. Mtambo unaopitisha lita 6,000 kwa saa unapitisha lita 1.7 hivi kwa sekunde. Ili maziwa yashikiliwe kwa sekunde nne, kipande hicho kinahitaji ujazo wa lita saba tu. Kazi nzima ya kuua inafanyika mahali padogo kuliko ndoo ya kuogea. Kipimajoto kimefungwa mwishoni mwa kipande hicho, na joto likishuka chini ya kiwango, vali hugeuza maziwa yasiende kwenye ufungaji. Mtambo hapo husimamishwa, huoshwa na kuuliwa vijidudu upya kabla ya kuanza tena. Ni hasara ya saa nzima na zaidi, kwa hiyo fundi wa zamu huwa hapepesi macho.

Kinachowasumbua zaidi ni jambo la jikoni kabisa: kushika. Maziwa huganda kwenye kuta za bomba la moto kama yanavyoshika chini ya sufuria, tabaka linanenepa, joto linashindwa kupenya. Kila baada ya saa kadhaa lazima wapitishe kostiki soda kuondoa mafuta na protini, kisha asidi kuondoa madini yaliyoganda. Maziwa yaliyoanza kuchacha hushika haraka mno, na hii ndiyo sababu kiwanda cha UHT huwa na uchaguzi mkali wa maziwa kuliko kiwanda cha mtindi.

Kabla au baada ya moto huo kuna mashine nyingine inayozua tuhuma zake. Hii husukuma maziwa kupitia upenyo mwembamba kwa mkandamizo wa bar 150 hadi 200, mara sabini hadi tisini ya upepo uliomo kwenye tairi la gari dogo. Matone ya mafuta, yaliyokuwa na kipenyo cha maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) tatu au nne, hupasuliwa yakawa chini ya moja. Yakiwa madogo hivyo hayapandi juu. Mtu anachemsha maziwa yake, anangoja malai, haoni kitu, anaamua kwamba "wameshayakamua mafuta wakauza siagi". Mafuta yapo, yametawanywa tu. Kiasi chake kimeandikwa ubavuni mwa boksi kwa asilimia: 3.5 ni maziwa kamili, 1.5 hivi yamepunguzwa, chini ya 0.5 ndiyo yaliyoondolewa.

Boksi lenyewe, na peroksidi mbili

Maziwa yasiyo na kijidudu yakitiwa kwenye chombo chenye vijidudu, kazi imeharibika. Kampuni ya Tetra Pak, iliyoanzishwa mwaka 1951 mjini Lund, Sweden, na Ruben Rausing, ilianza na pakiti ya karatasi yenye pembe nne, umbo la sambusa iliyovimba. Wakenya waliosoma shule za msingi miaka ya 1980 wanalikumbuka umbo hilo vizuri, maana ndivyo maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa mwaka 1979, yalivyowafikia darasani. Mwaka 1961 kampuni hiyo ilitoa toleo la kufungia maziwa yasiyo na kijidudu, na boksi la mstatili la aina hiyo likaja mwishoni mwa muongo huo.

Kata boksi lililoisha, ulioshe, uchane ukingo wake kwa kucha. Utaona karatasi ngumu, ambayo ni karibu robo tatu ya uzito wote, plastiki nyembamba ndani na nje, na katikati karatasi ya alumini ing'aayo. Alumini hiyo ina unene wa maikromita sita na ushee. Unywele wa binadamu ni kama mara kumi yake. Kazi yake ni kuzuia mwanga na hewa. Haigusani na maziwa, kwani kuna plastiki katikati.

Sasa tumefika kwenye dawa. Kabla boksi halijakunjwa, karatasi yake hupitishwa kwenye haidrojeni peroksidi ya asilimia 35 hivi, ikiwa ya moto, kuua kila kilichopo juu yake. Halafu hukamuliwa na kupulizwa kwa hewa ya moto iliyosafishwa, na peroksidi inayosalia huvunjika kuwa maji na oksijeni. Sheria za Marekani haziruhusu mabaki yazidi nusu sehemu kwa milioni. Karatasi iliyokauka hukunjwa kuwa mrija, maziwa yaliyopozwa yanamiminika ndani, na mashine hubana na kukata ikipitia katikati ya maziwa yenyewe, ili ndani kusibaki nafasi ya hewa. Hiyo ndiyo kemikali ya maziwa ya boksi. Imeoshea chombo, kama unavyosuuza kibuyu kwa moshi kabla ya kutia maziwa.

Peroksidi ya pili ndiyo ya kuogopa, na haimo kwenye boksi la kwenye video. Kuna wachuuzi wanaoitia ndani ya maziwa mabichi yenyewe, ili yasichache wakati dumu la plastiki linasafiri kwenye bodaboda juani kwa saa nne. Ni kosa kisheria. Inapunguza bakteria kwa muda, inaficha uchafu, na inamfanya mnunuzi aamini kwamba maziwa ni ya asubuhi ile. Kijikaratasi cha kupimia, kinachobadilika rangi kuwa bluu, huigundua kwa sekunde chache, lakini nani anayekuwa nacho kwenye kona ya mtaa? Kwa hiyo kinyume cha video hiyo kinawezekana kabisa: bakuli la "maziwa ya asili" ambalo halikuganda ndilo la kukutia shaka.

Kwenye lango la kiwanda au kituo cha kukusanyia maziwa, mapokezi huanza na pua, kisha vipimo. Laktomita, kifaa kinachopima uzito wa maziwa kwa kuelea, huzamishwa kwenye maziwa yaliyopozwa. Maziwa mazima husoma kati ya 28 na 32, na kila asilimia 10 ya maji iliyoongezwa hushusha kipimo kwa karibu 3. Wajanja wanajua njia: toa malai kwanza, uzito wa maziwa unapanda, kisha ongeza maji hadi kipimo kirudi 30. Laktomita itakubali. Ndiyo maana wenye uwezo hupima pia kuganda kwa barafu. Maziwa huganda kwenye nyuzi 0.52 hadi 0.54 chini ya sifuri; yakisogea karibu na sifuri, maji yameingia.

Kisha kuna kipimo cha spiriti. Mililita mbili za maziwa, mililita mbili za spiriti ya asilimia 68, tikisa, tazama ukutani mwa kioo. Yakitokea machicha, maziwa yanakataliwa. Kwa UHT hupandisha spiriti hadi asilimia 75 au zaidi, kwani yasiyostahimili spiriti hayatastahimili nyuzi 140. Mfugaji aliyekataliwa hulalamika kwamba maziwa yake hayajachacha, na huenda anasema kweli: dang'a, na maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, hushindwa kipimo hiki hata yakiwa ya sasa hivi.

Ambacho moto hauwezi

Wale wanaotetea maziwa ya kiwandani kupita kiasi nao wanakosea, wakidhani mtambo unasafisha kila kitu. Moto unaua viumbe. Hauondoi masalia.

Ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki huendelea kuitoa kwenye maziwa kwa siku kadhaa, mara nyingi tatu hadi nne au zaidi, kama kibandiko cha dawa kinavyoelekeza. Maziwa ya siku hizo yanatakiwa kumwagwa. Yakiingizwa kwenye tangi, kuchemsha wala UHT hakuyafanyi salama, kwa kuwa sehemu kubwa ya antibiotiki huvumilia joto hilo. Ulinzi pekee ni kupima kabla ya kupokea.

La pili ni sumukuvu. Ng'ombe akilishwa mahindi au mashudu yenye ukungu, aflatoksini B1 iliyomo hugeuzwa mwilini na sehemu yake, kwa kawaida asilimia moja hadi tatu, hutoka kwenye maziwa ikiitwa M1. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ni maikrogramu 0.5 kwa kilo. Joto haliiondoi. Mahindi yaliyokataliwa na mashine ya unga "wapewe ng'ombe" yanarudi mezani kwa mlango wa nyuma, yawe yamepitia boksi au dumu. Nadhani hapa ndipo kelele za mitandaoni zingefaa kuelekezwa.

Kuhusu virutubisho, yasemwe kwa kifupi: kalsiamu haiguswi na moto, protini inabadilika umbo lakini bado inajenga mwili, vitamini B1, B12, foleti na C hupungua, mara nyingi kwa chini ya moja ya tano. Vitamini B2 kinachoiua ni mwanga, na hapo boksi ni bora kuliko chupa nyeupe iliyokaa dirishani. Na mtoto wa chini ya miezi sita hapaswi kupewa maziwa ya ng'ombe, ya boksi wala ya zizini.

"Kwani hayo si unga uliokorogwa?" Wakati mwingine, ndiyo. Maziwa yanaweza kukaushwa kuwa unga na kurudishiwa maji. Kilo moja ya unga hutoa takribani lita nane. Hayo nayo yanaweza kupitishwa UHT na kufungwa kwenye boksi. Si sumu, ila si kitu kilekile, na orodha ya viambato hukiri: ukikuta "maji, unga wa maziwa" badala ya "maziwa ya ng'ombe", umepata jibu lako.

Maziwa ya ATM, ile mashine ya kujaza chupa mwenyewe, yameenea Kenya na yamevuta tuhuma kutoka pande zote mbili. Kwa kanuni yanapaswa kuwa yamepasteurishwa na kupozwa, si mabichi, wala hayana umri wa UHT. Udhaifu wake uko kwenye mambo mawili yasiyo ya kisayansi: bomba la mashine lililooshwa au halikuoshwa, na chupa uliyotoka nayo nyumbani.

Boksi linapoharibika

Linaharibika, na dalili zinasema chanzo. Likivimba kama mpira, usilifungue wala usilionje: bakteria wameingia kupitia mshono uliovuja na wanatoa gesi. Kiwandani hujaribu kuwanasa kabla, kwa kuweka sampuli kwenye joto la nyuzi 30 kwa siku 15, au nyuzi 55 kwa siku saba, kisha kuzifungua. Lakini boksi lililoanguka kutoka kwenye pikipiki likapata mkunjo mkali kwenye kona, kosa hilo limefanyika baada ya kipimo.

Likiwa halijavimba lakini maziwa ni machungu, au yamekuwa mazito kama uji wakati tarehe haijafika, hadithi ni nyingine na mkosaji kafa zamani. Maziwa mabichi yaliyokaa siku nyingi kwenye tangi la baridi hukuza bakteria wapenda baridi. UHT inawaua, ila vimeng'enya walivyoacha vinastahimili hata nyuzi 140, na vinaendelea kukata protini na mafuta polepole ndani ya boksi lililofungwa. Duka lenye paa la bati na joto la nyuzi 38 mchana huharakisha. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa ni ahadi yenye sharti la kivuli.

Ukishakata kona, UHT haina kinga tena. Yahesabu kama maziwa yoyote: friji, yafunikwe, yaishe ndani ya siku tatu hadi tano. Usinywe kwa mdomo kutoka kwenye boksi. Umeme ukikatika usiku kucha, yamwage. Na yakikaa wazi hadi yakaharibika, huenda yasigande na yasinuke sana, kwa sababu wale wachachushaji waliotupa onyo tangu enzi za mababu hawamo. Hii ndiyo hatari halisi ya bakuli la kwenye video: yanaonekana mazuri kumbe yameshaharibika.

Mwenye shaka bado ana kipimo kimoja cha nyumbani. Chukua lita moja ya UHT, isiyohitaji kuchemshwa. Ipashe hadi kidole kivumilie ndani ukihesabu kumi bila kuungua, karibu nyuzi 43. Koroga vijiko vitatu vya chakula vya yogati hai isiyo na sukari wala ladha, mimina kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, funika, usiitikise kwa saa nane. Yangekuwa na dawa ya kuzuia bakteria, bakteria hao wasingefanya kazi. Asubuhi utakuta yameganda, huenda laini kidogo, kwa kuwa joto kali limeshazibadilisha protini zake. Yakigoma kabisa, rudia kwa kianzio kingine kabla ya kushutumu, maana baadhi ya yogati za dukani hupashwa moto baada ya kuganda na hazina kiumbe hai. Yakigoma mara ya pili kwa kianzio unachojua ni kizima, hapo ndipo pa kuuliza maswali, na swali la kwanza liwe la antibiotiki.